Mashimo ya Kamatanda

Juma lililopita padri alimzika kichanga asiyebatizwa kwa sala zote, akasema Kanisa linamtumainia Mungu kwa ajili yake. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu mjini Likasi. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba watoto kama hao hukaa gizani, mbali na Mungu; mimi nikadhani ni ndani ya mashimo ya machimbo ya Kamatanda. Nyumbani, mdogo wangu, ambaye leo ana watoto wake, alikuwa hajabatizwa na alihema kwa homa, akinuka mafuta ya mawese aliyopakwa. Nilimmwagia kikombe cha maji kichwani. Akalia. Mama akaingia mbio.

“Weye, unafanya nini?”

“Niliogopa batamutupa mu shimo, mama.”

Hakunichapa. Alifunga mlango, akaninong'oneza, “Ulitaja Baba, Mwana na Roho Mutakatifu?”