Jiwe la Matundu Saba

Night Poni alirudi kijijini kwao Abuku na sufuria tatu ambazo hazikupita mlangoni. Alikuwa mpishi wa shule moja ya Mvara, mjini Arua, tangu alipokuwa na mimba ya mtoto wa kwanza mpaka alipoanza kuitwa bibi. Siku ya kumuaga, walimu walimuuliza angependa zawadi gani. Akasema anataka sufuria zake. Wakacheka sana, halafu wakampa. Sasa zilikaa nje ya nyumba ya marehemu baba yake, zimepinduliwa, na kuku wakapata mahali pa kuota jua.

Mume wake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na watoto wake wawili walikuwa na familia zao Gulu na Kampala. Kwa hiyo aliishi peke yake, akipakana na kaka yake mkubwa, Lado, aliyelima muhogo na karanga. Upande wa pili alipakana na Zuhurah, mfinyanzi wa vyungu, mama wa maneno machache na macho makali. Afya Night Poni alikuwa nayo, na kicheko pia. Shida yake ilikuwa mkono. Mkono uliozoea kupikia shule nzima ulikataa katakata kupima chakula cha mtu mmoja. Kila siku alianza kupika akidhamiria kidogo tu, na kila siku kikabaki cha kulisha harusi. Alimpelekea Lado, akampelekea Zuhurah, na mbuzi nao wakajua saa ya kusogea. Hata hivyo, alipokaa chini na sahani yake, aliona ua ni mkubwa mno kwa mtu mmoja.

Mwezi wa nne aliamua kujijengea jiko la maana, la matofali, lenye dirisha la kutolea moshi. Alikuwa anachimba msingi yeye mwenyewe, kwa sababu vijana wa kazi walikuwa wote shambani, jembe lilipogonga kitu kikalia kama kengele iliyopasuka. Alipiga magoti akafukua kwa vidole. Lilitoka jiwe jeusi, kubwa kiasi cha parachichi, laini kama limepakwa mafuta. Aliliosha, na hapo ndipo alipoona matundu. Yalikuwa saba, hakuna mawili yenye upana sawa. Moja liliingiza kidole gumba, lingine halikuingiza hata kijiti cha kiberiti. Yote yalikwenda kukutana ndani, katikati, mahali palipokuwa wazi kama kifuu cha nazi. Kati ya tundu na tundu palikuwa na kinundu kidogo kilichochongwa kwa uangalifu. Aligeuza jiwe huku na huku. Mtu alikuwa amehangaika nalo siku nyingi, hilo lilionekana. Lakini alihangaika ili apate nini?

Alimwita Lado. Lado aliliangalia kwa mbali, mikono nyuma, akasema hakuna haja ya kuuliza.

"Hii iko jiwe ya mvua," alisema. "Usiache juani. Funika na majani, mwagia maji."

Night Poni alilifunika na kulimwagia maji, maana haikumgharimu kitu. Alasiri ile ile mvua ikanyesha. Ulikuwa msimu wa mvua, ilinyesha karibu kila alasiri, lakini kesho yake Lado alitembea kijiji kizima kifua mbele. Zuhurah, aliposikia, alikuja na udongo mikononi, akaliviringisha jiwe kwenye shingo ya chungu kibichi. Vile vinundu viliacha nakshi nzuri ya madoadoa. Alisema hiyo ndiyo kazi yake, bibi zao walikuwa wafinyanzi kabla hawajawa waomba mvua. Lado akamuuliza kama ni nakshi, matundu ni ya nini. Zuhurah akamuuliza kama ni mvua, vinundu ni vya nini.

Habari hazikukawia. Enoch, katekista na mwalimu wa kwaya, alikuja na wazo kwamba ni jiwe la mizani la wafanyabiashara wa zamani. Watu walikuja kutoka Dranya kwa baiskeli. Wengine walisema ni la kutegea ndege, wengine la kuchezea watoto, na mama mmoja aliapa kwamba ni la kukamulia dawa ya tumbo. Walibishana kwa Kikakwa, kwa Kilugbara, na kwa Kiswahili pale wageni walipozidi. Na kwa kuwa mtu hawezi kubishana na njaa, Night Poni aliwafukuza kuku, akazipindua sufuria zake, akapika. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, mkono wake ulipima sawasawa. Ugali wa muhogo na mtama uliisha, mboga ya rojo la karanga ikaisha, na watu wakaondoka wakiahidi kurudi na ushahidi.

Ni Enoch aliyemleta Gaspard. Huyu alikuwa fundi cherehani kutoka Ariwara, upande wa Kongo, mwenye kibanda chake kwenye soko la mji wa Koboko; mtu mrefu, mjane, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni hata Jumapili. Alikuja Abuku kupima wanakwaya kwa ajili ya sare mpya. Alipomaliza, Enoch akampeleka kuona jiwe. Gaspard aliligeuza mikononi muda mrefu. Halafu aliomba katani, akaipasua nyuzi tatu, akazipitisha katika matundu madogo na kuzitoa zote katika lile kubwa. Enoch akasokota huku, Gaspard akavuta kule, na kamba ikaanza kutoka, imara, imesukwa vizuri kama ya dukani.

Watu wakapiga makofi. Lado aliichukua ile kamba, akaijaribu kwa kuvuta, akaenda kumfungia mbuzi wake. Hakubadili mawazo, ila kamba ni kamba.

Night Poni alimwekea Gaspard chakula, naye akala taratibu, akauliza karanga zilikaangwa kwanza au zilisagwa mbichi. Kwa miaka yote ya Mvara hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alijibu kirefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki iliyofuata Gaspard alirudi. Alisema dhamiri yake inamsumbua. Kama lile jiwe lingekuwa la kusokota kamba, kingo za matundu zingelika, na yeye alizikuta kali. Sasa aliona ni la kunyooshea mishale. Alileta vijiti, wakavipasha moto, wakavipitisha. Vichache vilinyooka, vingi vikavunjika. Alikula, akaaga. Akarudi tena. Safari hii lilikuwa ni taa: mafuta ndani, tambi katika kila tundu. Night Poni alitoa mafuta yake ya ufuta bila kusita, wakawasha, na moshi uliotoka uliwafanya watu wote wa uani wakohoe mpaka machozi, yeye akicheka kuliko wote. Aliporudi mara nyingine ilikuwa ni ala ya muziki. Gaspard alipuliza tundu moja akiziba mengine kwa vidole, na jiwe likatoa sauti ya bata mwenye mafua.

Zuhurah, aliyekuwa amekaa pembeni akisugua chungu, alingoja mpaka mgeni amepanda boda.

"Dada," alisema, "huyu mutu hatafuti kazi ya jiwe."

Night Poni alikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa, akamuuliza kama chumvi imetosha. Lakini usiku ule alijikuta anajaribu kukumbuka Gaspard alikuwa amevaa shati gani, na alilikumbuka hata vifungo vyake. Alijishangaa. Alidhani mambo hayo yalikuwa yamepita kwake, kama kuruka kamba.

Wakati huo habari za jiwe zilikuwa zimefika Arua. Annet, mwalimu wa historia katika ile shule ya Mvara, alikuwa ameila posho ya Night Poni, ule ugali wa shule, miaka sita alipokuwa mwanafunzi. Alipiga simu. Alisema rafiki yake Lillian, mtaalamu wa vitu vya kale, amekuja mjini, na angependa sana kuliona. Je, Mama Night angekubali kulileta, wakae ukumbini siku moja, kila mwenye maoni ayatoe? Night Poni alikubali, kwa sharti kwamba wanaobishana wote waje. Enoch akatafuta gari. Lado alisema hawezi kuiachia mvua ya Abuku isafiri peke yake, akavaa koti. Zuhurah alibeba chungu chake chenye nakshi, kimefungwa kwenye majani makavu. Gaspard walimpitia Koboko. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, suruali imepigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

Walipofika Mvara, Night Poni hakwenda ukumbini kwanza. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni, akawasalimu wapishi mmoja mmoja, akaonja maharage, akaongeza chumvi. Hapo tu ndipo alipokuwa tayari. Ukumbi ulijaa: wanafunzi, wazazi, watu wa kanisani, na kundi zima la waliowahi kula kutoka kwenye mwiko wake, wengine sasa na vitambi. Walimkalisha mbele, jiwe likiwa juu ya kitenge mezani.

Lillian alivaa glavu, akalipima jiwe, akaliangalia kwa lenzi, akachungulia kila tundu kwa tochi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa embe.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui, na nimefurahi sana kutokujua."

Alieleza kwamba limechongwa kwa mkono, tena na mtu hodari, na kwamba ni la zamani sana, ingawa bila kuchunguza udongo ulioganda ndani hawezi kusema ni la enzi gani. Kitu kinachofanana nalo hajawahi kukiona. Kisha akaomba maoni, na ukumbi ukafunguka kama bwawa. Lado alihutubia kuhusu mvua kwa ufasaha ambao dada yake hakuujua. Enoch alihesabu vinundu. Zuhurah alifungua chungu chake, na Lillian akakipiga picha upande huu na upande ule. Mwanafunzi mmoja alisema labda aliyelichonga hakuwa na sababu, alipenda tu matundu, na watu wazima wakacheka, halafu wakaanza kulifikiria hilo.

Mwishowe Annet akamgeukia Gaspard. Alisema ameambiwa kwamba fundi ana maelezo manne, na angependa kujua yeye mwenyewe anaamini lipi.

Gaspard alisimama. Alivua utepe shingoni, akauviringisha mkononi, akaufungua tena.

"Hata moja," alisema. "Mawazo yangu imeisha kabisa. Nilikuwa nafikiri njiani, nikikosa la kusema tena kuhusu hii jiwe, nitaenda Abuku kwa sababu gani?"

Ukumbi ulichelewa kidogo kuelewa. Kisha vicheko vikaanzia nyuma, kwa wale wapishi waliokuwa wamesimama mlangoni, vikaja mbele kama upepo. Night Poni alihisi masikio yake yakiwaka. Angeweza kuinamisha kichwa, na kila mtu angemwelewa. Badala yake alimtazama yule mtu mrefu aliyekuwa anahangaika na utepe wake, akaona kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo gumu, na lililobaki lilikuwa jepesi.

"Uje tu," alimwambia. "Jumapili. Bila sababu."

Kuhusu jiwe, kulikuwa na ubishi mmoja zaidi. Lillian aliomba kulichukua kwa uchunguzi, Lado akakataa, akaulizwa kama mvua haiwezi kuvumilia kiangazi kimoja, akafikiri, akakubali lirudishwe kabla ya msimu wa kupanda. Lillian alitimiza ahadi. Alilileta Abuku yeye mwenyewe na habari moja tu: mwamba uliochongwa jiwe lile haupatikani Koboko wala Arua, limetoka mbali, na nani alilibeba hakuna ajuaye. Lado alisema bila shaka, mvua yenyewe inatoka mbali. Zuhurah alisema wafinyanzi wazuri walitembea sana. Enoch alisema wafanyabiashara je? Wakaendelea pale walipoachia.

Harusi ya Night Poni na Gaspard ilikuwa imeshafanyika wakati huo, Desemba, baada ya mavuno. Gaspard alikuja Jumapili ile ya kwanza mikono mitupu, akakaa mpaka jua likachwa, wakaongea juu ya mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na tangu hapo hakukosa Jumapili. Watoto walikuja kutoka Gulu na Kampala, wakamkagua, wakaridhika. Dada yake Gaspard, Sidonie, alivuka mpaka na ndugu zake wote, ngoma mbili, na madebe ya samaki waliokaushwa, akasema kaka yake alikuwa amenyamaza miaka, sasa hanyamazi, na familia inashukuru.

Gauni alilishona bwana harusi mwenyewe. Aliyewapima wanakwaya wa nusu ya wilaya aliona haya kumpima mchumba wake, akakisia kwa macho, na mikono ya gauni ikatoka mirefu kupita vidole. Alipoiona asubuhi ya harusi alitaka kukimbia kutafuta cherehani. Night Poni alimzuia. Aliikunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kusonga ugali wa watu wengi, akamshika mkono, wakatoka nje kwenye ngoma.