Jovina na Damu ya Kitovu

Usimwone Jovina mfupi vile ukamdharau. Kule Buhinyuza, Muyinga, alipita nyumba kwa nyumba miaka kumi na miwili akiwabembeleza akina mama wajifungulie kwenye zahanati. Walikubali kwa sharti moja: kondo la nyuma warudishiwe, wakalizike nyumbani. Jovina, aliyekulia Tanzania na kurudi kwao na cheti chake cha ukunga, hakupoteza kondo hata moja, na hilo alijivunia waziwazi.

Alipohamia kliniki moja ya Nyamugari, Gitega, alimkuta mkuu wake mpya, mtafiti Daktari Urbano, aliyesomea ng'ambo tangu utotoni. Urbano alitaka damu ya kitovu, maana ina seli shina, zile seli changa zinazoweza kumtengenezea mgonjwa damu mpya. Kazi njema, nani abishe? Ila akina mama hakutaka waulizwe.

"Ukishakinga damu, kondo tupa. Ni taka."

"Dokta, sikingi kitu cha mtu kabla hajaniambia ndiyo."

"Basi mkataba wako sitausaini."

Jovina hakutaka kufukuzwa, tusidanganyane. Kazi aliipenda mno. Lakini akina mama wakisikia wanaibiwa watarudi kujifungulia majumbani, na kuna watakaofia huko. Akamwendea Hidaya, mke wa fundi cherehani, ambaye uchungu wake wa kuzaa ulikuwa bado unakuja na kuondoka. Akamweleza yote pole pole, hata kwamba ana haki ya kukataa. Hidaya akasema ngoja kwanza afikiri.

Urbano alimfuata kwa hasira hadi wodini. Pale kitandani alimkuta mama mkwe wa Hidaya na kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba. Akauliza ni cha nini.

"Cha kubebea kondo, mwanangu. We ulifikiri tutaliacha hapa?"

Daktari mzima, na shahada zote zile, hakuwa na habari ya desturi hiyo. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Urbano akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza akamwomba Hidaya ile damu.

Hidaya alijiinua kwa kiwiko, akamjibu.

"Damu mi nakupa, dokta. Kondo iko yetu, itaenda nyumbani."

"Nimekubali, mama. Nitaikinga mwenyewe."

"Hapana. Akinge Jovina. Ye ndiye aliniuliza."