Kaa la Chetezo

Nakumbuka siku moja nilitokwa na machozi mpaka kidevuni, mama mkwe wangu akinisikia nyuma ya pazia. Si huzuni, mwanangu. Ulikuwa moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Jikoni kwangu moshi ulijaa tele na moto haukuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi Unguja na stashahada yangu ya ufundi wa mitambo, niliyoipata ng'ambo. Nalisema hili bila ya kuona haya, maana sikurithi shamba wala jina. Nauli ya kuondokea niliitafuta kwa kubeba magunia ya karafuu bandarini, na niliporudi nilipewa karakana nzima niisimamie. Nikapanga nyumba ya ghorofani Malindi, nikaoa, na mke wangu Salma akajifungua mtoto wetu wa kwanza.

Desturi yetu waijua. Mzazi, hasa wa mimba ya kwanza, hulelewa arubaini yake kwa mama yake. Hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na nguo zake na za mtoto hufukizwa ubani. Mimi nikataka mwanangu wa kwanza alelewe chini ya paa nililolipata mwenyewe. Mama mkwe, Bi Mwanaidi, akaja kutoka Kidichi kumtazama mzazi. Hakukaa nami chumba kimoja, kwani mkwe na mkwewe wana heshima yao. Alisema nami nyuma ya pazia la mlango.

"Mimi mikono yangu miwili, baba. Mmoja wa mzazi, mmoja wa mtoto. Wa moto uko wapi? Kwangu wapo shangazi zake."

Mama yangu alikwisha fariki, na dada sina. Nilikuwa na jiko la mafuta la pampu, nililokuja nalo kutoka ng'ambo, lakini lilikaa kama pambo. Mafuta ya taa siku hizo yalikuwa ya kupanga foleni, na mara nyingi yaliisha kabla ya foleni.

"Mkono wa moto ni wangu, mama," nikasema.

Nikamsikia anacheka kidogo. "Haya. Ijumaa kaka yake Salma anakuja na gari la shamba. Moto ukiwa moto, mwanangu atabaki. Usipokuwa moto, nnakwenda naye, na mjukuu wangu pia."

Basi nikapanga mafiga matatu jikoni, nikanunua mzigo wa kuni sokoni, nikazishindilia zote, nikawasha. Ndiyo siku hiyo ya machozi. Jirani yetu Bi Zuhura, ambaye dirisha lake lilitazamana na langu juu ya kichochoro, akatoa kichwa.

"Bwana Diploma, unapika au unaita mvua?"

Nikapuliza. Mtoto akaanza kukohoa chumbani, na kikohozi kile kilinichoma kuliko moshi. Sauti ya Bi Mwanaidi ikaja nyuma ya pazia, taratibu, kama mtu anayesoma kitu anachokijua.

"Umezisongamanisha. Zipe nafasi, moto nao unapumua. Toa zote, bakisha tatu, ncha zikutane katikati. Usipulize juu, inama, upulize chini. Na ukuni huo unaolia una maji, nnausikia. Uegemeze ubavuni mwa mafiga ukauke, utautumia kesho."

Mwanangu, mwanamke yule hakuliona jiko langu hata mara moja siku zile. Alilijua kwa masikio na pua. Nami nilishika haraka, kwani kichwa changu hakijapata kuwa kizito. Tena jambo moja nililigundua mwenyewe: upepo wa pwani uliingia kwa dirisha la chini na kuusukuma moshi chumbani. Nikageuza mafiga, nikaziba dirisha la chini kwa bati la pipa, nikafungua la juu. Moshi ukatoka nje wenyewe.

"Leo macho hayanichomi," akasema Bi Mwanaidi. "Umefanyaje?"

Nikamweleza habari ya upepo, kwa kirefu.

"Ahaa. Hilo sikulijua. Kumbe ulisoma kweli."

Nikavimba. Siku iliyofuata nikajaza makumbi ya nazi ili miali ipande juu, Bi Zuhura aione kutoka kwake. Ilipanda. Maji yakachemka upesi. Kisha mkono wa mama mkwe ukapita chini ya pazia na chetezo cha udongo. "Nipe kaa la ubani."

Nikampa kaa jekundu, zuri. Halikufika kitandani kwa Salma. Lilikwisha kuwa unga. Akanirudishia chetezo.

"Hili si kaa, baba. Hili ni jivu linalojisifu."

Akajitanda kanga yake, akashuka kwenda kuomba kaa kwa Bi Zuhura. Nikamsikia akipanda ngazi na moto wa nyumba nyingine, kuwafukizia mke wangu na mwanangu. Nikayafagia makumbi yaliyobaki, nikashuka sokoni kutafuta kuni ngumu.

Ijumaa alfajiri, baada ya kuswali, nikakoka moto kwa matawi makavu ya mkarafuu, magumu. Sikutaka miali. Nilisukuma kuni kidogo kidogo kadiri zilivyoliwa, nikaziacha ziive, nikalifunika kaa kwa jivu lake lenyewe. Mabunda ya Salma yalikuwa yamekwisha fungwa, yapo mlangoni. Gari likapiga honi chini. Chetezo kikapita chini ya pazia.

Nikalifukua kaa, nikaliweka. Nikangoja. Harufu ya ubani ikaja, ikajaa chumbani, ikatoka mpaka ukumbini, na haikukatika.

"Hodi!" shemeji akaita ngazini. "Mizigo iko wapi?"

"Mizigo ipi?" akajibu Bi Mwanaidi. "Panda unywe chai. Maji yapo motoni."

Mwanangu, stashahada yangu ingali ukutani, na nakuhimiza nawe upate yako, tena kubwa kuliko yangu. Na waulize watu wa Malindi kama yupo mwanamume anayekoka moto kunishinda. Lakini shika hili: usiwake ili jirani akuone. Miali ni ya dirishani. Mzazi na mtoto hufukizwa kwa kaa, na kaa halipatikani ila kwa ukuni mgumu na mtu aliyekubali kukaa nao. Kazi ya nyumbani kwako isikufedheheshe, hata ukiwa na karakana nzima. Figa moja haliinjiki chungu, na la pili na la tatu huenda ikakubidi uwe wewe.

Mungu aijaze nyumba yako harufu njema, na anayekuja kwako kuomba kaa asirudi na chetezo kitupu.