Asali ya Veneranda Iliyoganda

Miaka ishirini na mitatu Veneranda ameuza asali Ng'ambo, Tabora, na hakuna aliyewahi kumshika kwa ujanja. Mumewe, Aleksi, huilina porini huko nyuma ya Kigwa. Veneranda mwenyewe huichuja kwa kitambaa, huionja, na kabla hujamaliza kumuuliza atakwambia nyuki walikula maua ya mti gani.

Baridi ya Julai ilipoingia, asali ikaganda, kama igandavyo kila mwaka asali isiyochakachuliwa. Lakini watu wa mjini, Mungu awasamehe, wameshikilia kwamba asali ikiganda imetiwa sukari. Nani kawaambia? Hawamkumbuki. Wanaamini tu, maana kuamini hakutoi mtu jasho.

Basi Asnath, aliyepewa chupa ya bure kwa ajili ya kikohozi chake, akaipeleka kanisani kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Jumatano, baada ya maombi ya akina mama, mzee wa kanisa Gerson akamsimamisha Veneranda mbele. Huyu Gerson hajawahi kuumwa hata na nyuki mmoja. Akachovya njiti ya kiberiti kwenye chupa, kidole na kucha yake chafu vikazama humo humo. Akaikwangua njiti, ikagoma kuwaka.

"Mnaona?" akasema. "Ingekuwa asali safi, njiti ingewaka."

Veneranda aliona ile kucha. Kinyaa kikampanda.

"Mama, hapa ni mbele za Mungu. Ukitubu, tutakusamehe. Usipotubu, tunakutenga na meza ya Bwana. Jibu: unaamini kwamba asali yako ni safi?"

Swali la kipuuzi! Imani yake alishampa Mungu, ambaye hajamwona. Asali ameiona, kaishika, kailamba. Na meza ya Bwana hakuwa tayari kuikosa kwa kusema uongo, eti anaamini kitu anachokijua. Akajibu ukweli mtupu:

"Siamini, Mzee. Najua..."

Hawakungoja. "Haleluya! Amekiri!" Vigelegele vikapaa, ngoma ikapigwa, akina mama wakamvamia kwa kumbatio na majasho yao.

"Jamani, nisikilizeni, asali ikiganda..."

Gerson akamwekea mkono kichwani kumwombea, mkono ule ule unaonata. Wamemsamehe kosa asilolitenda, na aliyekwisha kusamehewa atajitetea kwa nani?

Recheli, jirani yake na mteja wake wa miaka kumi, akamnong'oneza:

"Usijali, dada. Sukari hiyo mimi niliijua siku nyingi."