Mashine ya Hesabu Iliyovuka Feri

Saa tatu asubuhi, Changamwe. Barke Ghalib anabonyeza kitufe, na mashine ya umeme inanguruma mezani kama cherehani. Kabla hajainua kidole, jibu limeshatoka. Pembeni yake kuna mashine nyingine, ndogo, yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono.

Zote mbili zimeletwa na mfanyabiashara wa kisiwani zijaribiwe kwa mwezi mmoja. Maabara hii ya kupima maji itabakiza moja tu. Mkuu wake, Mwingereza asiyependa maneno mengi, amesema Barke ndiye atakayechagua, kwa kuwa ndiye atakayeishi nayo. Leo jioni anataka jibu.

Wengi wangedhani hapo hapana la kufikiri. Hata yeye alidhani hivyo. Barke ana miaka ishirini na minne, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani cha Kisauni, na tangu aajiriwe hesabu zote za chumvi ya visima amezifanya kwa kalamu. Mpini ulipomuumiza bega wiki ya kwanza, moyo wake ukahamia kwenye umeme.

"Niliipenda, sitaficha," anasema. "Nyumbani niliisimulia mpaka mamangu akaniambia basi."

Kilichomtia shaka ni kisima kimoja cha Mtongwe, upande wa Likoni. Mapema mwezi huu alichota maji huko, akarudi nayo Changamwe, akayapima, akaiachia mashine ya umeme hesabu. Chumvi ikapita kiasi. Mkuu akaamua kisima kifungwe, na Barke akatumwa akawaambie wenyewe.

Kisima hicho kilichimbwa na babu yake Bi Mwanatatu, na mtaa mzima hunywa humo. Barke akavuka feri na habari ile mbaya, mashine ya mkono ikiwa kikapuni, maana ilikuwa haijajaribiwa nje. Baada ya kuamkiana akaomba apime tena mbele yao. Akateremsha chupa, akatia dawa, akazungusha mpini. Jibu likawa lile lile.

Bi Mwanatatu hakubisha. Alimchotea maji kwanza, kwa vile mgeni ametoka mbali.

"Nywa, mwanangu, kisha utwambie tufunge."

Barke akanywa. Maji yalikuwa matamu.

Hapo udadisi ukamshika. Iweje maji ya kisima kimoja yawe matamu kwenye kata na ya chumvi kwenye chupa? Akawatazama wanawake wakichota kwa kamba yao kuukuu. Kisha akaitazama yake. Kwa ajili ya usafi, tangu safari ya kwanza alikuwa amenunua kamba mpya ya usumba pale Likoni, akaifunga shingoni mwa chupa. Akailamba.

"Nilitaka kucheka na kulia pamoja," anasema.

Amelelewa na bibi msokota kamba, na alijua fika kwamba makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi kabla ya kupondwa. Kamba mpya huja na chumvi yake. Siku zote hizo alikuwa akipima kamba.

Akaisuuza chupa, akaazima kamba ya wenyeji, akazungusha mpini upya. Kisima kikapita. Bi Mwanatatu, ambaye hakuwa ametoa chozi mpaka hapo, akakaa chini akalia.

"Ile ya umeme haikukosea," Barke anaeleza. "Niliipa chumvi ya kamba, ikanihesabia vizuri sana. Lakini yenyewe haiondoki mezani, na kosa langu lilikuwa Mtongwe."

Kalama, mwenzake wa maabara, anamtania kwamba visima vya Kisauni vinamngoja na bega ni lake peke yake. Barke anacheka, ila anakiri inamuuma kuachana na mashine ile.

Jioni anaingia kwa mkuu. Anapotoka, mashine ya umeme inafungwa kwenye sanduku lake irudi kisiwani.

"Siku nguzo za umeme zikifika kisimani, wallahi nitaidai," anasema. "Kwa sasa naenda na hii."

Jumatatu, inshallah, atavuka tena kuwapimia majirani wa Mtongwe visima vyao. Bi Mwanatatu amemwagiza siku hiyo asinywe chai nyumbani kwao Kisauni. Atainywa kisimani.