Bi Kamajuu na Mstari wa Saba

Katika ofisi ya vizazi na vifo alikuwamo mwanamke mmoja ambaye jina lake la kweli lilijulikana kwa mhasibu peke yake, maana ndiye aliyemlipa mshahara. Wengine wote walimwita Bi Kamajuu. Hakukasirika. Jina lile alijitafutia mwenyewe, kwa kalamu yake.

Enzi zile kabla ya kompyuta, vizazi viliandikwa katika madaftari makubwa yenye jalada gumu, mistari kumi na miwili kila ukurasa. Jina la mtoto, tarehe, baba, mama, mahali, na mwisho kabisa, ukingoni, safu ya Dini. Safu ile ilikuwa nyembamba hata neno "Mwislamu" halikuingia mpaka ulibane kama mguu mkubwa kwenye kiatu cha mtoto. Na kwa kuwa mjini pale watu tisa kati ya kumi walikuwa Waislamu, Bi Kamajuu, wakati huo msichana aliyeajiriwa juzijuzi, alivumbua njia. Mstari wa kwanza aliandika neno zima. Mistari ya chini yake akaandika K.J., yaani "kama juu". Akitokea asiye Mwislamu, aliandika neno la huyo kwa ukamilifu, kisha mstari uliofuata akarudia neno zima, na K.J. zikaendelea na safari. Mkubwa wake aliipenda njia ile, ofisi nzima ikaiga. Haikuwa na ubaya wowote, ilimradi mwandishi aulize.

Katiba ya nchi ilisema kila mtu ana uhuru wa kuabudu atakavyo. Ofisi haikupinga hata kidogo. Ofisi ilitaka tu ijue, na ijue mapema, kabla mwenyewe hajaota meno.

Bi Kamajuu alikuwa mcha Mungu asiye na makeke. Mkeka wake wa kusalia aliuviringisha nyuma ya kabati la faili, na wageni waliomkuta kwenye sala walingoja bila manung'uniko. Hakujaaliwa mtoto. Kaka yake mkubwa, shehe wa ofisi ya mambo ya dini mtaa wa pili, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la shangazi yake. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mwalimu wa madrasa, mwenye sauti ya kukusimamisha njiani.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Bi Kamajuu astaafu. Mkuu wa ofisi, kijana mpole aliyeweza kuwa mwanawe, alikuwa ameshatengenezesha cheti chenye fremu ya dhahabu ya uongo: MIAKA THELATHINI NA MIWILI BILA KOSA. Alikificha nyuma ya mlango wake kiwe cha kushtukiza. Bi Kamajuu alikiona siku ya kwanza kabisa, na tangu hapo kila akipeleka faili alikichungulia, kisha akajifanya hajui lolote. Alikitaka cheti kile. Hakuna haja ya kumpamba. Alikitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya sikukuu.

Jumanne asubuhi, kabla hajamaliza chai, alisimama mbele ya dirisha lake mwanamke wa rika lake, shingoni kaning'iniza futi ya kupimia nguo ambayo bila shaka alisahau kuivua. Alikuwa mshonaji.

"Dada, naomba kuona kitabu cha mwanangu," alisema. "Kizazi chake."

"Anahitaji cheti kipya?"

"Hahitaji kitu. Ameanguka jana kutoka juu ya paa, kazini. Fundi umeme. Yuko chumba cha maiti."

Bi Kamajuu aliweka kikombe chini, akampa pole, akamkaribisha upande wa ndani na kumpa kiti. Maneno yakatoka taratibu. Hospitali ilikuwa imesoma kadi ya utambulisho ya marehemu, na kadi ilisema Mwislamu. Basi sheria ikafuata mkondo wake: ofisi ya mambo ya dini ikaarifiwa, kaburi likachimbwa, maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri siku ileile. Mshonaji alikwenda huko na cheti cha ubatizo. Alipokewa kwa heshima na kuelezwa kwamba cheti kile kinaharibu zaidi, kwani kama kweli marehemu alikuwa Mkristo basi alitoka katika Uislamu, na kutoka kunahitaji hati ya mahakama, nayo hana. Kitu pekee kilichoweza kuishinda kadi ni daftari la kizazi.

"Lakini hakuwahi kuingia, dada," alisema mshonaji. "Mtu atatokaje asikoingia? Alipopewa kadi nilikuja hapahapa mara mbili. Mara ya kwanza mtandao hakuna. Mara ya pili nilete barua ya mahakama. Mwenyewe akacheka. Akasema, mama, achana nayo, kadi haiendi kanisani." Alifuta uso kwa ncha ya futi. "Kumbe inakwenda makaburini."

Bi Kamajuu aliingia stoo. Madaftari ya miaka ile yalikuwa rafu ya chini, yakinuka vumbi na gundi. Hakuchukua muda kuupata ukurasa, na alipoupata hakuhitaji kusoma sahihi ya mwandishi. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa usichanani, wenye mikia mirefu kama kwamba wino ulitolewa bure.

Mstari wa kwanza: Mwislamu. Kisha K.J., K.J., mpaka chini. Mstari wa saba alikuwa mtoto wa mshonaji. K.J.

Mistari sita ya juu ilikuwa ya wino wa buluu. Kuanzia wa saba, wino ulikuwa wa kijani. Hapo ndipo kumbukumbu ilipomrudia nzimanzima. Ilikuwa wodi ya wazazi. Enzi hizo mwandishi alitumwa hospitali na daftari, akipita kitanda kwa kitanda. Asubuhi ile wifi yake alikuwa amejifungua. Kalamu ilikauka njiani, akaazima nyingine, akaandika majina na tarehe mbiombio, na safu ya Dini akaiacha yote kwa mwisho. Aliijaza akiwa ameketi kitandani kwa wifi yake, mkono mmoja umempakata mtoto, wa pili ukishusha K.J. kama mtu anayepanda mbegu. Hakumuuliza mtu. Alikuwa na furaha kupita kiasi, na furaha nayo ina haraka zake.

Mstari wa nane alikuwa mtoto wa kaka yake. K.J.

Aliogopa. Akakaa juu ya boksi la fomu za zamani. Daftari lilikubaliana na kadi. Angeweza kutoka na kusema hivyo, na asingekuwa ametamka hata neno moja la uongo. Nani angemjua mwandishi wa miaka thelathini nyuma? Wiki tatu, cheti, kwaheri. Mshonaji angelia, watu hulia kila siku mbele ya dirisha lile, na dirisha halijavunjika. Aliyafikiri haya yote, na alipata muda wa kutosha kuyafikiri. Hakuna wa kumlaumu ila mwenye kujidai hajawahi kuogopa.

Akatoka na daftari kifuani. Mshonaji aliliona akainuka.

"Hilohilo! Nalikumbuka lile jalada," alisema. "Aliyeandika alikuwa binti mdogo, mchangamfu, anacheka peke yake. Aliomba kalamu yangu niliyokuwa naandikia vipimo vya wateja, ya kijani. Hakuirudisha." Akatabasamu kidogo, tabasamu la msibani, halafu akaona haya kwa kutabasamu. "Samahani. Sijui kwa nini nakumbuka upuuzi."

Bi Kamajuu alisimama palepale. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa matusi. Kwa hilo la kalamu hakujiandaa.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, dada?"

"Binti yule ni mimi. Na sikukuuliza."

Kisha hakungoja aambiwe la kufanya. Aliliweka daftari mezani, akatoa rula, akaipiga ile K.J. ya mstari wa saba mstari mmoja mwekundu, ulionyooka. Pembeni akaandika "Mkristo", na chini yake maneno ambayo hakuwahi kuyaandika juu ya kazi yake mwenyewe: kosa la mwandishi. Sahihi, tarehe, muhuri. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliangalia muhuri ukishuka, kisha akaangalia nyuma ya mlango wake.

Wanawake wawili wakaenda mtaa wa pili kwa miguu, daftari wakipokezana kwa uzito wake.

Shehe aliwapokea ofisini. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka madrasa ya jirani ilisikika sauti ya mwanawe ikiwasomesha watoto, nao wakimwitikia. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Mdogo wangu," alisema, "unanielewa nilivyobanwa? Nikimwacha Mwislamu azikwe bila kusaliwa, siku ya kuulizwa nitajibu nini?"

"Na ukimzika mtoto wa mwenzio wakati mama yake anapiga kelele getini, utajibu nini?"

"Sasa miaka thelathini imepita, kaburi liko wazi, kosa linagunduliwa leo, na aliyekosea ni dada yangu mimi! Watu watasema tumeuza maiti."

"Waseme. Si wewe unayehubiri kila Ijumaa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu?"

"Usinigeuzie hotuba zangu." Alivua miwani, akaipangusa. "Mimi sina kipimo cha kupimia moyo wa mtu. Nina kitabu. Kinachosema kitabu ndicho ninachokifuata, basi."

"Basi fuata," alisema Bi Kamajuu, akamfungulia ukurasa. "Nimeshakisahihisha, kwa sheria, na muhuri upo. Wa saba ni Mkristo. Sasa nisomee wa nane."

Shehe alivaa miwani. Alilisoma jina la mwanawe, jina lake mwenyewe, jina la mkewe, akapeleka kidole taratibu hadi ukingoni. Kidole kikasimama. Kikapanda mstari mmoja juu, kikashuka, kikapanda tena.

"Kama juu," alisema kwa sauti ndogo.

Nje ya dirisha mwalimu wa madrasa aliwasahihisha watoto herufi moja, wakairudia kwa pamoja.

"Huyu nilimwadhinia mimi mwenyewe sikioni," alisema Shehe. Sauti ilikuwa imempanda. "Mimi! Kwa mdomo huu! Hajakosa sala tangu ana miaka saba. Dini yake haikutoka kwenye hiki..." Akajikatiza. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipomtazama mshonaji, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alimtazama usoni, kisha futi iliyoning'inia shingoni, kisha cheti cha ubatizo alichokishika kwa mikono miwili, kilichokunjwa na kukunjuliwa mpaka kikaota nyufa.

"Kanisani ulimpeleka wewe mwenyewe, mama?"

"Nilimbeba mwenyewe. Mvua ilinyesha. Alilia njia nzima."

Shehe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ushahidi wa kutosha. Akavuta simu, akawaambia makaburini wasitishe, akawaambia hospitali wamkabidhi marehemu kwa mamaye. Alipoweka simu alisema, "Pole sana kwa msiba, mama," jambo ambalo tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kumwambia katika jengo lile.

Fundi umeme alizikwa kesho yake upande wa Wakristo. Bi Kamajuu alisimama nyuma kabisa, karibu na geti, maana hakujua nyimbo. Shehe hakuja, ila kabla ya kaburi kufunikwa alifika mwanawe, mwalimu wa madrasa, akashika koleo na kufukia pamoja na wengine. Waliouliza ni nani wake marehemu aliwajibu kwamba walilala vitanda jirani siku ya kuzaliwa.

Cheti chenye fremu hakikutolewa. Mkuu wa ofisi aliona haya kuliko mwenyewe. Aliitoa karatasi, akaweka ndani ya fremu picha ya maua. Bi Kamajuu aliipokea, akashukuru, na jioni ile alilia kidogo, kwani kitu ulichokitaka hakiachi kuwa kitu ulichokitaka kwa sababu umefanya vyema.

Wiki zake mbili za mwisho hakukaa dirishani. Mstari wa nane alikuwa ameuandika neno zima siku ileile, mbele ya kaka yake. Ikabaki minne, wa tisa mpaka wa kumi na mbili, na hiyo hakuweza kuijaza akiwa kitini. Akaanza kuwatafuta wenyewe. Wa tisa alimpata sokoni, mwanamke muuza viatu, mwenye meno ya kucheka na ulimi usiokaa. Bi Kamajuu alijitambulisha, akafungua daftari juu ya maboksi ya ndara.

"Nimekuja kukuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza mama yako. Dini yako ni ipi?"

Muuza viatu alianza kucheka, akaona mgeni hacheki. Akauma mdomo. Akatazama safu ile nyembamba, akatazama K.J. ya kijani, na ulimi ule usiokaa ukakaa.

"Ngoja kwanza," alisema mwishoni. "Miaka thelathini yote, hilo sijawahi kuulizwa."

Bi Kamajuu alivuta boksi la viatu, akakaa. Safari hii hakuwa na haraka.