Itazame Mikono Yake

Nakumbuka wiki moja ambayo swali moja lilininyima usingizi: je, filamu yangu inachekesha, au inamcheka mtu? Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo ingawa miaka yangu haijafika huko. Nami niliitwa hivyo na mzee asiye wa ukoo wangu, na maneno yake yakaniokoa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya filamu mkononi, na kazi niliyopata ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja kule Crystal, mji mdogo wa Minnesota. Hapo ndipo nilipomjua Mzee Kenji, Mjapani. Kwao alikuwa mwigizaji miaka mingi: leo polisi, kesho mtumishi, keshokutwa maiti. Nywele zilipoanza kumtoka, alichoka kusema maneno ya wengine, akatengeneza filamu zake mwenyewe za kuwakejeli wakubwa: madaktari wenye majivuno, wanasiasa, wenye majumba. Wakubwa walinuna, kumbi zikamfungia milango, yeye akaendelea. Neno "mwanangu" nilimfundisha mimi, naye hakuliacha tena.

Filamu yangu ilihusu sherehe zetu za mahafali hapa Brooklyn Center. Unazijua: kila mgeni lazima ashike maikrofoni atoe nasaha, pilau inapoa, mhitimu amesimama na mashada shingoni kama mti wa Krismasi. Nilimwigiza Auntie Nyambura, aliyenipokea nilipokuja Marekani, nikakaa kwake Champlin miaka miwili. Kwenye sherehe yangu alishika maikrofoni akalia, akalia, mpaka akasahau alichotaka kusema. Basi nikavaa kilemba kama chake, nikalia vivyo hivyo. Vijana wenzangu walioiona walicheka hadi wakashika mbavu. Jumapili ingeonyeshwa ukumbini kanisani, Auntie akiwa kiti cha mbele.

Nilimwonyesha Mzee Kenji. Hakucheka.

"Huyu mama ameiona?"

"Ataiona Jumapili."

"Mbele ya watu? Mimi nilimcheka hivyo mama aliyetushonea mavazi ya jukwaani. Watu walifurahi sana. Yeye hakurudi kazini, wala sikumwona tena. Tangu hapo, awe daktari, awe mfagiaji, niliketi kando ya yule ninayemcheka tukaitazama filamu sisi wawili kwanza. Na usimtazame uso, mwanangu. Uso una adabu. Itazame mikono yake."

Mimi ni mtu wa kupima bahari kwa kijiko. Nikimwonyesha, atakataa. Nisipomwonyesha, ataumia. Nikiifuta, mimi mwoga. Niliandika ujumbe mara saba, nikaufuta mara saba. Jumamosi asubuhi nikaenda Champlin bila kupiga simu.

Nilimkuta mezani akikata sukuma wiki.

"Ai, mtu wa filamu! Leo ndio umekumbuka kuna watu huku?"

Niliweka kompyuta kando ya mboga, nikaiwasha filamu. "Woi, huyo ni mimi? Hata kilemba!" Alicheka, kisu kikiendelea. Kisha kilio cha kwenye filamu kikaanza. Uso wake ulibaki na tabasamu. Lakini kisu kilisimama, na vidole vikawa vinakunja jani moja, vinalikunja, mpaka likachanika.

Nilizima. "Auntie, nisamehe."

"Kwani unajua nilikuwa nalilia nini?"

"Hapana."

"Wiki hiyo walimzika mama yangu kule nyumbani. Makaratasi yangu hayakuwa tayari, singeweza kusafiri. Sikutaka kukuharibia siku yako."

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Auntie akaokota kisu.

"Hapo ninapolia, toa. Kwingine acha, ni kweli tunaongea sana. Lakini nikuulize: siku hiyo mwenyekiti wetu wa kanisa aliongea hadi watoto wakalala. Mbona simwoni? Ama unaogopa wakubwa?"

Nilikikata kile kilio palepale mezani, yeye akitazama. Alasiri alivaa koti la mumewe, akamwigiza mwenyekiti kwa mbwembwe hata kicheko changu kikatikisa kamera. Kisha, kabla sijaanza kuwaza, nikampigia mwenyekiti simu: "Mzee, naomba kesho ufike nusu saa mapema. Nimekucheka, na nataka tutazame pamoja."

Mwanangu, cheka. Dunia isiyochekwa huota pembe. Ila ukitaka kumcheka mtu, kaa karibu naye kwanza, ujue analia nini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mkubwa usimruke kwa woga. Ukishaamua, inuka uende. Mungu akupe macho ya kuiona mikono ya watu, na akuweke mbali na kicheko cha kujutia.